Pauni Isiyo na Herufi

Kwa asiyesoma wiki zilizopita nitasema kwa ufupi, maana hata mimi mwenyewe sipendi kuyarudia.

Jina langu Sleyum. Nakaa Ibra, Oman. Nilikuwa karani wa serikali mpaka nikastaafu, na kwa miaka thelathini nimekusanya pauni za dhahabu za Kiingereza, za enzi ya Malkia Viktoria peke yake. Za wafalme waliomfuata sizitaki. Zangu ni za Malkia: za usichana wake, za taji lake dogo, na za uzee wake alipojitanda shungi.

Moja ilikuwa ikinisumbua. Ya mwaka 1879, iliyopigwa London. Za mwaka huo zilizopigwa Australia zina herufi ndogo chini ya shingo ya Malkia, M au S, na hizo si tabu kuzipata. Ya London haina herufi, na ni adimu.

Nikaja kuiona kwa dada yangu, Bi Sheha, anayekaa Aija, kule Sur. Ilikuwa ya marehemu mama yetu, aliyotoka nayo Unguja ndani ya kopo la poda. Dada hakujua M wala S. Mimi nilijua. Nikamwomba aniuzie, akacheka, akasema cha mama hakiuzwi.

Basi siku moja, dada aliposimama kusali alasiri, nilifungua kabati lake kwa funguo zilizoachwa kwenye kitasa. Nikaichukua pauni ya mama, nikamwekea yangu yenye M. Mwaka ule ule, sura ile ile. Nikajiambia hajapoteza kitu. Dhahabu kwa dhahabu.

Hapo ndipo nilipokuachieni. Sasa sikilizeni yaliyonifika.

*

Dada alinipigia simu siku ya Jumatano.

"Sleyum, Ijumaa uje ule kwangu. Mlete na Alyaa. Nna jambo lako."

"Jambo gani, dada?"

"Ukija utalijua. Huna haraka ya kufa."

Alyaa ni mjukuu wake, binti wa mwanawe Hazim. Anasoma chuo hapa Ibra, na siku za masomo analala kwangu. Njia nzima ya kwenda Sur alikuwa akinihadithia habari za mwalimu wao, nami nikiitikia tu. Nilifikiri nimejulikana.

Tulipofika, dada akanikumbatia. Nikashusha pumzi.

Tulikula biriani ya samaki, sote watano: dada, Hazim, Alyaa, mimi, na Tufool, mkewe Hazim. Tufool ni mwenyeji wa mji wa Adam. Kiswahili alikikuta nyumba ile alipoolewa, miaka ishirini sasa, akafunzwa na dada. Ndiye anayemkogesha dada miguu kwa ajili ya sukari yake, ndiye anayempimia dawa. Na funguo za kabati anazo yeye.

Baada ya kahawa dada akasema, "Tufool, mwanangu, niletee kijaluba cha mama."

Kijaluba kikaja. Dada akatoa pauni, akaiweka kiganjani.

"Sleyum, mwaka jana ulitaka nikuuzie hii, nikakataa. Uliondoka umenuna, nilikuona. Nilikataa kukuuzia kwa sababu nataka kukupa. Mama aliniambia mwenyewe: yule mdogo wako ndiye mwenye mapenzi na vitu hivi, ukiona umri umekwenda, mpe. Leo nakupa mbele ya watoto, wasije wakasema kesho."

Sikuweza kunyoosha mkono.

Nilikuwa nimeiba changu. Ningengoja miezi minne tu, ningeletewa kwenye sahani pamoja na halwa.

"Chukua, bwana," Hazim akacheka. "Mjomba kafurahi mpaka kaganda."

Ningeichukua, mambo yangekwisha pale pale. Ningerudi Ibra na pauni yangu mwenyewe yenye M, ya mama ninayo, na mtu asingejua mpaka siku ya kiama. Nilikwisha nyoosha vidole.

"Ngoja, Babu!" Alyaa akasema. "Nipige picha kwanza. Ile ya mwaka jana ninayo, niliipiga kwa kazi ya chuo. Nataka niziweke pamoja, ukipewa na kabla hujapewa."

Akapiga. Akaziweka picha mbili, moja juu ya moja. Akaikuza ya kwanza, akaikuza ya pili.

"Bibi, mbona hii ina M?"

"M ya nini?"

"Hapa, chini ya shingo. Ile haina. Na ile ilikuwa na doa jeusi shavuni. Hii haina doa."

Hazim akaichukua simu. Akatazama muda mrefu. Kisha akaichukua pauni yenyewe, akaenda nayo dirishani.

Aliporudi, hakuwa akicheka tena.

"Mama, hii si ile."

"Si ile vipi? Haijatoka kabatini."

"Funguo za kabati anazo nani?"

Sote tukamgeukia mkewe. Tufool alikuwa amesimama na dele la kahawa mkononi, akaliweka chini polepole.

"Funguo kwangu," akasema. "Lakini wallahi, Hazim, mimi pauni ya mama sijagusa."

"Mwezi wa Shaabani ulikwenda Adam siku tatu. Ulibeba nini?"

"Nguo zangu. Na dawa ya baba."

"Na nini tena?"

"Baba!" Alyaa akapiga ukelele.

Wasomaji, ule ndio ulikuwa wakati wangu. Maneno mawili tu: ni mimi. Nilikuwa nayo ulimini. Nikafungua mdomo, na yaliyotoka yakawa haya:

"Tusihukumu haraka. Huenda kuna maelezo."

Dada akanishika mkono, machozi yanamtoka. "Mnamuona? Ndiye mwenye mali yake, na hata hakasiriki. Mungu akupe, Sleyum."

*

Tulirudi Ibra jioni ile ile, mimi na Alyaa. Tukaupita mji wa Kamil. Kisha akaanza, taratibu, kama mtu anayepiga hesabu ya darasani.

"Babu, mama hajui kama pauni zina herufi. Mimi mwenyewe sikujua mpaka leo."

"Kweli."

"Na aliyebadilisha kaweka ya mwaka ule ule. Si ya mwaka mwengine. Lazima awe mtu anajua. Anaipata wapi mtu pauni ya mwaka ule ule?"

"Madukani zipo."

"Duka gani? Mama yangu haendi hata Muscat peke yake."

Nikakaza macho barabarani.

"Babu, wewe unawajua wote wanaouza na wanaokusanya. Nani Oman hii anajua mambo kama haya?"

Aliniuliza kwa nia safi. Hakuwa akinitega. Ningemwambia palepale, tungegeuza gari, tungefika Sur kabla ya Isha, na mama yake asingelala na aibu hata usiku mmoja.

"Sijui, mwanangu," nikamwambia.

Akageuza uso dirishani, akalia kimya kimya mpaka nyumbani.

*

Sasa mtauliza, si uirudishe tu hiyo pauni? Nilikuwa sinayo nyumbani. Nilikuwa nimeiacha Nizwa kwa Turki, muuza sarafu na majambia sokoni, ili aikague na kuipima.

Jumapili asubuhi nikampeleka Alyaa chuoni, nikaunga moja kwa moja mpaka Nizwa.

Turki alinipokea kwa bashasha. "Sheikh Sleyum! Kitu chako tayari. Nimekufanyia na zawadi juu yake."

Akatoa kifuko cha plastiki, kimefungwa kwa moto. Ndani yake pauni inawaka kama imetoka kiwandani leo.

"Umefanya nini, Turki?"

"Nimekung'arishia kwa mashine. Ilikuwa chafu, na lile doa shavuni lilikuwa likimharibu Malkia."

Yeyote anayekusanya sarafu za kale anajua kuwa hazisuguliwi. Ukizisugua umeziua. Lakini siku ile sikulia kwa ajili hiyo. Nilikuwa nalilia doa. Lile doa ndilo lililokuwa kwenye picha ya Alyaa.

Kwenye kifuko alipiga muhuri wa duka lake, na tarehe ya siku ile.

"Na nna habari nyengine," Turki akasema. "Kuna mtu wa Dubai ananipigia kila siku. Anaitaka hii hii, isiyo na herufi, hata kama imesuguliwa. Ukitaka, namwita sasa hivi."

Na hili pia nalikiri, ingawa hakuna aliyeniona. Sikusema hapana. Nilisema, "Anasemaje?"

Turki akaanza kuzungumza na simu. Mimi nimeketi kibaoni, nanywa kahawa yake, namngojea mtu wa Dubai aseme anachosema, na Tufool yuko Aija anaitwa mwizi.

Ikalia simu yangu. Alyaa.

"Babu," akasema, na sauti yake sikuitambua. "Baba kampeleka mama Adam. Wametoka Sur alfajiri. Kamwambia asirudi mpaka pauni irudi."

Nikainuka. Nikakinyakua kifuko mezani. Turki ananiita, "Sheikh, ngoja, ameshakubali!" Nikatoka sikugeuka nyuma.

Kutoka Nizwa mpaka Adam haifiki hata saa nzima. Ningekwenda, ningemkuta Tufool kwa babake, ningempigia magoti pale pale. Niliendesha mpaka njia panda. Nikasimama pembeni, taa ya gari inawaka na kuzima.

Nikageuza, nikarudi Ibra. Niliuogopa uso wa Tufool kuliko uso wa dada yangu.

*

Jumatatu kabla ya adhuhuri nilikuwa Aija. Hazim alikuwa amechukua ruhusa kazini. Dada amelala kwenye kochi, miguu imemvimba, hakuna aliyeikogesha. Jikoni vyombo vimejaa.

"Shikamoo, dada."

"Marahaba. Umekuja kunitazama?"

"Nimekuja kusema." Sikukaa. Nilijua nikikaa sitasema. "Pauni ya mama niliichukua mimi. Ulipokuwa unasali. Nikaweka yangu. Tufool hana kosa lolote. Hii hapa."

Nikaiweka mapajani mwake.

Dada akaitazama. Hazim akaja akaitazama. Nikangoja matusi. Nilikuwa nimejitayarisha hata kwa kofi.

Hazim akakiokota kifuko, akasoma. "Nizwa. Duka la sarafu. Tarehe ya jana."

"Nilikuwa nimeiweka pale mwenye duka, Turki, aikague."

"Mjomba." Alisema kwa upole ulionitisha. "Umeinunua jana."

"Sikuinunua! Ni ya mama!"

Akatoa simu, akaifungua ile picha. "Ile ina doa jeusi. Imechakaa. Hii mpya kabisa."

"Turki ameisugua kwa mashine. Itazameni, haina herufi!"

"Najua haina herufi. Wewe unajua kuzitafuta. Umezunguka mpaka ukapata inayofanana." Akanishika bega. "Mjomba, nimekuelewa. Unataka kumuokoa Alyaa asikose mama. Lakini usijitie dhambi isiyokuwa yako."

"Hazim, mimi ni mwizi!"

Dada akawa analia kwa kwikwi. "Ijumaa nilisema huyu ana moyo wa mama yetu. Kumbe bado nilikuwa sijamjua. Katoa mali yake, sasa anatoa na jina lake."

"Dada, nakuapia!"

"Usiape, Sleyum! Usiape uongo kwa ajili ya mtu."

"Mpigie simu Turki," nikamwambia Hazim, nikamtajia namba. Akapiga. Akaweka sauti kubwa, akauliza.

"Pauni ya Sheikh Sleyum?" Turki akasema. "Naam, imetoka kwangu jana. Mwambie Sheikh yule mtu wa Dubai bado anaitaka."

"Imetoka kwako?"

"Kwangu, kwangu dukani."

"Turki!" nikapiga ukelele. "Mwambie nilikuletea lini!"

Simu ilikwisha katwa. Hazim hakuhitaji zaidi. Nilipompigia mimi, haikushikwa.

Miaka thelathini nimesema uongo mdogo mdogo kwa ajili ya pauni hizi, nikaaminiwa kila mara. Siku niliyosema kweli, wakanionea huruma.

*

Tulikuwa bado tumesimama hivyo liliposimama gari nje. Gari la kubebea mifugo, kizimba cha nyuma kitupu, mlango wake unapigapiga.

Akashuka mzee mwenye fimbo. Nikamjua: Nadhir, baba yake Tufool, muuza mbuzi na ngamia wa Adam. Nyuma yake akashuka Tufool mwenyewe, mtandio umemfunika mpaka nyusi.

Mzee akatoa salamu, tukaitika. Hakukubali kukaa juu. Aliketi zuliani karibu na mlango. Dada akataka kuagiza kahawa, kisha akakumbuka hakuna wa kuipika.

Nadhir hajui Kiswahili. Nakuandikieni alivyosema kwa Kiarabu, kadiri ninavyokumbuka.

"Nimekuja kwa amana yenu. Binti yangu amekiri. Amesema ameichukua yeye. Mimi sijamlea hivyo, lakini amesema kwa mdomo wake, na mimi sina la kuongeza."

"Hapana!" nikasema.

Akaniinulia mkono nimwache amalize. Akafungua ncha ya kilemba chake, akatoa kitu, akakiweka zuliani.

Pauni ya dhahabu.

Niliitambua kutoka pale nilipo. Haikuwa na Malkia. Ilikuwa na Mfalme, mwenye ndevu, wa miaka mingi baada ya Malkia kufa. Mzee alikwenda dukani akaomba pauni ya Kiingereza, akapewa pauni ya Kiingereza. Wapi angejua kama zinatofautiana?

Nikatazama tena nje, kile kizimba kitupu. Nikageuza macho.

Hazim akaiokota, akaigeuza. "Hii si yenyewe, ami. Hii ina sura ya mtu mwengine kabisa."

Mzee akamtazama binti yake, akatutazama sisi. "Ni dhahabu," akasema. "Pauni ni pauni. Si ndivyo?"

Hazim akairudisha zuliani.

Nikamwendea Tufool, nikachutama mbele yake. Nikamwambia kwa Kiswahili, babake asielewe. "Tufool, mbona unasema uongo? Hukuichukua. Nimeichukua mimi. Nimewaambia, hawataki kuniamini. Sema wewe. Sema hukuichukua."

Akaongea bila ya kuinua uso.

"Mjomba, Ijumaa nilisema sikuchukua. Nani aliamini? Jana nimemwambia baba sikuchukua. Akasema sawa, akatoka nje, akakaa kwenye jua na mbuzi wake. Saa nzima. Majirani wanapita wanamuuliza, binti yako karudi kwa nini? Yeye hana jibu." Akavuta mtandio. "Nikampa jibu. Khalas."

"Lakini si kweli!"

"Wewe kweli yako umekuja nayo leo, Mjomba."

Basi alijua. Sijui tangu lini. Lakini alijua, na hakunitukana.

Nikasimama katikati ya chumba, nikapaza sauti kwa Kiarabu, ili mzee naye asikie, "Mwizi ni mimi! Binti yako ni safi!"

Nadhir akainamisha kichwa, mkono kifuani. "Mungu akulipe kheri, sheikh. Maneno kama hayo hasemi ila mtu karimu. Lakini ameshakiri."

Kisha akamgeukia Hazim. "Mwanangu, amana yenu imerudi, kama si yenyewe basi mfano wake. Mtu aliyekiri wizi hawezi kurudi ndani ya nyumba hii akashika funguo. Mimi ni mzee, sitaki mahakama. Mpe talaka yake kwa wema, niondoke naye kabla jua halijatua."

Dada akajaribu kuinuka kwenye kochi, miguu ikamkatalia. "Hazim," akasema. "Hazim, mwanangu."

Hazim alikuwa akimtazama mkewe. Miaka ishirini, na Alyaa. Nikafikiri atasema hapana. Nikaomba Mungu aseme hapana.

Akatengeneza kofia yake kichwani. Akakaa zuliani, magoti kwa magoti na baba mkwe. Akapapasa nafasi iliyo kando yake, akanitazama kwa macho ya mtu anayemtegemea mkubwa wake.

"Mjomba, njoo ukae hapa," akasema. "Nataka shahidi mwadilifu, na humu ndani hakuna mwengine ila wewe."

Tufool akainua uso. Kwa mara ya kwanza tangu Ijumaa alinitazama machoni. Na yeye pia alikuwa akingoja nikae.